Faili ni nzima, fomu inaikataa: wakimbizi wasibebeshwe kosa lisilo lao

Katibu wa komite ya wakimbizi wa ndani ameandika majina usiku kwa mwanga wa tochi ya simu. Jina la mkubwa wa nyumba, hesabu ya watoto, wazee, wagonjwa, kijiji walichotoka. Asubuhi anaingia mjini kwa miguu akiwa na daftari kwapani. Analipa kijana wa duka la fotokopi ili aandike orodha hiyo kwenye kompyuta, ndani ya Excel, kisha aihifadhi katika aina inayoitwa CSV, kwa sababu ndivyo shirika la msaada lilivyoomba. Siku ya mwisho ya kutuma ni leo.

Kijana anafungua fomu ya shirika kwenye intaneti, anachagua faili, anabonyeza. Maandishi mekundu yanatokea kwa Kifaransa: aina ya faili hairuhusiwi, tuma CSV tu. Anaangalia tena jina la faili. Ni CSV. Anajaribu mara ya pili, mara ya tatu. Jibu ni lile lile. Katibu anauliza kama amekosea kuandika majina. Kijana anainua mabega na kusema jibu ambalo kila mtu mjini analijua: "Papa, ni sisteme inakataa."

Katibu anaweka faili kwenye flashi, anavuka barabara, anaingia duka lingine lenye kompyuta ya zamani, isiyokuwa hata na Excel. Faili ile ile, bila kuguswa herufi moja, inapokelewa mara moja.

Mfano huu unaweza kutokea Bunia, Beni, Goma, Bukavu, Uvira ao Kalemie, popote penye wakimbizi na fomu za intaneti. Katibu huyu amebahatika, kwa sababu kulikuwa na duka la pili ng'ambo ya barabara na alikuwa bado na pesa ya kulipa. Mwingine angerudi kambini na kusema orodha imekataliwa, na watu wangeanza kumwangalia kwa jicho lingine: labda hakufika, labda alikula pesa ya duka, labda hajui kazi. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao. Linakuwa jambo la haki.

Watu wengi wanadhani kompyuta inajua faili ni nini kwa kuifungua na kuangalia ndani. Wakati wa kutuma faili kwenye fomu, mara nyingi sivyo. Programu ya kufungulia intaneti, yaani kivinjari kama Chrome, Firefox, Safari ao Edge, haifungui faili. Inaangalia mkia wa jina lake, zile herufi zinazokuja nyuma ya nukta ya mwisho: pdf, jpg, csv, docx. Kisha inatafuta katika orodha yake ya ndani, ao inauliza mfumo wa kompyuta yenyewe: "Mkia huu maana yake nini hapa kwako?" Jibu linalopatikana linaandikwa kama kibandiko na kutumwa pamoja na faili. Fomu nyingi zinasoma kibandiko hicho tu na kuamua: pita, ao rudi.

Shida ni kwamba vivinjari havina orodha moja, na kompyuta hazitoi jibu moja. Habari ya CSV inajulikana sana na mafundi. Jina rasmi la kibandiko chake ni text/csv, lililoandikishwa mwaka 2005, ijapokuwa aina hiyo ya faili ilikuwa ikitumika miaka mingi mbele ya hapo. Lakini kwenye kompyuta ya Windows yenye Excel, Excel inajiandikisha ndani ya mfumo kuwa ndiyo mwenyewe wa mkia huo. Kivinjari kinachouliza mfumo kinaweza kuambiwa kwamba hii ni faili ya Excel, na kubandika application/vnd.ms-excel. Fomu inayongoja text/csv peke yake inaona jina la kigeni na kufunga mlango. Kompyuta isiyo na Excel inaweza kutoa kibandiko rasmi, na mlango ukafunguka. Kwa hiyo mashine yenye programu iliyotengeneza orodha ndiyo inayoweza kukataliwa. Hakuna mkimbizi anayeweza kulikisia jambo hilo.

Si CSV peke yake. Wakati Internet Explorer ilipokuwa bado inatawala, ilikuwa ikiita picha za JPEG image/pjpeg na picha za PNG image/x-png, wakati vivinjari vingine viliita image/jpeg na image/png. Faili za ZIP, zile zinazokusanya karatasi nyingi katika furushi moja, kwenye Windows hubandikwa mara nyingi jina tofauti na lile linalobandikwa kwenye Mac na Linux. Sauti za MP3, ambazo wasikilizaji wa redio wanazijua vizuri, kwa miaka mingi Chrome iliziita audio/mp3 na Firefox ikaziita audio/mpeg. Na pale kivinjari kisipotambua mkia kabisa, kinaacha kibandiko kitupu, ao wakati wa kutuma kinaandika neno la jumla, application/octet-stream, ambalo kwa lugha ya kawaida ni kusema: "Hiki ni kitu, sijui ni kitu gani."

Mtu wa Mashariki ya Congo hahitaji masomo ya kompyuta ili aelewe hayo. Katika kila soko kuna magunia yaliyoandikwa "mchele" yakiwa yamejaa makala. Kuna ndoo zilizoandikwa "mafuta" zenye unga wa muhogo, na maturubai ya mashirika yaliyogeuka kuwa paa ya duka. Hakuna mama anayenunua kwa kusoma maandishi ya gunia. Anafungua, anaingiza mkono, anaangalia. Mlinzi wa kizuizi akimrudisha mama mwenye makala kwa sababu gunia limeandikwa mchele, watu wote watamcheka mlinzi. Hawatamwambia mama kwamba ni yeye aliyekosa. Lakini fomu inapofanya kazi hiyo hiyo, lawama inamwangukia mwenye gunia.

Asili ya vibandiko hivi si mbaya. Vilianza na barua za intaneti mwaka 1992, pale Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipoandika kanuni inayoitwa MIME, ili barua iweze kubeba picha na sauti, isiwe maandishi matupu. Mwaka 1995 kukaandikwa kanuni ya kutuma faili kupitia fomu za kurasa za intaneti, na vibandiko vile vile vikachukuliwa. Vilikuwa msaada kwa anayepokea: "Nadhani hii ni picha." Havikukusudiwa kuwa cheti cha ukweli. Kanuni ile ya 1995 yenyewe ilikwisha sema la kufanya kama aina haijulikani: tumia lile neno la jumla. Waliotunga walijua kwamba mtumaji hawezi kujua kila kitu. Walioleta shida ni wale waliokuja nyuma na kugeuza makisio ya kivinjari kuwa hukumu.

Je, uzito wa jambo hili uko wapi? Mwezi wa Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu milioni 6,9 waliokuwa wamehama makao yao ndani ya Congo. Kwa watu hao, sehemu ya maisha imehamia kwenye fomu: kuomba kazi, kumwandikisha mtoto kwenye chuo, kuomba basi la masomo, kutafuta ndugu waliopotezana njiani, kutuma orodha ya kambi. Fomu moja inaomba picha ya kadi ya mpiga kura, ambayo katika nchi yetu inatumika pia kama kitambulisho. Nyingine inaomba diploma ya serikali. Nyingine inaomba barua ya kushuhudia kwamba vitambulisho vimepotea, na barua hiyo ni karatasi ambayo mtu ameipata kwa kupanga mstari na kulipa.

Mtu mwenye kazi ofisini akikataliwa na fomu, anafungua kivinjari kingine, anampigia fundi simu, anajaribu tena kesho. Mkimbizi anatumia simu ya kuazima, yenye moto asilimia kumi, na mega alizonunuliwa na mtoto wa jirani. Kila jaribio lina bei yake. Faili ikikataliwa mara tatu, si usumbufu mdogo. Ni chakula cha siku hiyo. Na mara nyingi ujumbe mwekundu hausemi kwamba ni kibandiko kilichokataliwa. Unasema faili ni mbaya. Mtu anarudi kupiga picha upya, kuandika upya, kulipa upya, akitengeneza kitu ambacho hakikuharibika.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo haisemwi. Orodha ya wakimbizi si orodha ya ndizi. Ina majina ya watu waliokimbia, vijiji walivyotoka, mahali wanapolala sasa, na pengine kabila lao linajulikana kwa jina tu. Kila mara faili inapokataliwa kwenye kompyuta moja na kupelekwa kwenye nyingine, nakala inabaki nyuma. Katibu wa mfano wetu ameacha nakala kwenye duka la kwanza, nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye duka la pili. Kama ameituma pia kwa WhatsApp ili mtu mwingine amsaidie, hakuna anayejua imefika wapi. Shirika lililoweka fomu ngumu kwa jina la usalama limewafanya watu watembeze majina yao mjini mzima.

Wanaosimamia fomu watajibu kwamba lazima wawe wakali. Wana haki ya kuogopa. Kuna watu wanaotuma programu mbaya wakiificha kwa jina la picha, na faili moja ya namna hiyo inaweza kuharibu kazi ya ofisi nzima ao kufungua mlango kwa wezi wa habari za watu. Hakuna anayeomba milango iachwe wazi.

Lakini kibandiko hakilindi mlango huo. Kibandiko kinatoka upande wa mtumaji. Mtu anayejua kazi mbaya anaweza kuandika kibandiko chochote anachotaka, na fomu itamkaribisha. Kitabu cha maelezo cha lugha ya PHP, ambayo imejenga sehemu kubwa ya kurasa za dunia, kinawaonya mafundi waziwazi kwamba aina ya faili inayotajwa na kivinjari haikaguliwi na isichukuliwe kuwa kweli. Mradi wa OWASP, unaofundisha usalama wa programu za intaneti, unasema neno lile lile. Kwa hiyo ukali wa namna hii unamzuia katibu mwenye orodha ya kweli, na mwizi anapita. Huo si ulinzi.

Ulinzi unaanza kwa kufungua gunia. Faili nyingi zina alama mwanzoni mwake ambayo haitegemei jina. Faili ya PDF inaanza na herufi %PDF. Picha ya JPEG ina namba zake tatu za mwanzo ambazo hazibadiliki, na picha ya PNG ina zake. Faili ya ZIP inaanza na herufi PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz aliyeitengeneza, na karatasi za Word na Excel za siku hizi zinaanza na herufi hizo hizo, kwa sababu ndani yake ni furushi la ZIP. Seva, yaani kompyuta inayopokea, inaweza kusoma alama hizo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Alama hizo peke yake hazitoshi, kwani nazo zinaweza kuigwa, lakini ni hatua ya kwanza, na nyuma yake programu inaweza kufungua faili kweli na kuona kama ni picha inayoonekana ao karatasi inayosomeka.

CSV haina alama ya namna hiyo. Ni maandishi matupu, mistari yenye majina yaliyotenganishwa. Hapo dawa ni kuisoma: je, mistari ipo, vichwa vya safu ni vile vilivyoombwa? Na hapo pia Congo ina jambo lake. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa kwa kawaida inatenganisha kwa nukta-mkato, kwa sababu Kifaransa kinatumia mkato katika hesabu, kama vile 6,9. Fomu iliyotengenezwa na watu wanaotumia Kiingereza inangoja mkato. Hivyo hata katibu akipita mlango wa kwanza, anaweza kuambiwa kwenye mlango wa pili kwamba orodha yake ina safu moja tu. Anayetengeneza fomu kwa ajili ya nchi inayoandika Kifaransa anapaswa kujua hilo mbele ya kuifungua kwa watu.

Kuna wanaosema pia kwamba wakimbizi wajifunze kompyuta. Kujifunza ni kuzuri, na vijana wengi wa makambi wanajua mambo ya simu kuliko wale wanaowaandikia fomu. Lakini kujifunza gani kutamwambia katibu kwamba Excel iliyopo dukani imebadilisha jina ambalo kivinjari kinaipa faili yake? Kazi ya kuelewa tofauti za vivinjari ni ya yule aliyelipwa kutengeneza fomu. Tofauti hizo zinajulikana miaka mingi. Hazikuanza na vita vya Mashariki.

Basi mashirika, ofisi za serikali, vyuo na wote wanaoomba faili kwa wakimbizi wana mambo ya kufanya, na hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, wakague kilichomo ndani ya faili, na wasikatae kwa sababu ya kibandiko peke yake. Kama wanataka kutumia kibandiko kwa hatua ya kwanza, wakubali majina yote yanayojulikana ya kitu kimoja, pamoja na kibandiko kitupu, kisha waangalie ndani.

Pili, wajaribu fomu zao kwenye mashine ambazo watu wanazo: Windows ya zamani ya duka la fotokopi, simu ya Android ya bei ndogo, iPhone ya mkono wa pili. Fomu iliyojaribiwa tu kwenye kompyuta mpya ya ofisi ya Kinshasa, Nairobi ao Geneva haijajaribiwa.

Tatu, ujumbe wa kukataa useme ukweli wote kwa lugha ambayo watu wanaisikia. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa. Badala ya "aina hairuhusiwi", fomu iseme: "Faili yako imefika, lakini hatukuweza kuitambua. Jaribu kivinjari kingine, ao mwite mtu wetu kwa namba hii." Maneno hayo peke yake yangemwokoa katibu na aibu mbele ya watu wake.

Nne, jaribio lililokataliwa lihifadhiwe kama ushahidi. Kama seva inaona kwamba mtu alijaribu mara tatu siku ya mwisho, mtu huyo asihesabiwe kuwa hakuja. Na kuwe daima na mlango wa pili: mtu anayepokea karatasi kwenye kambi, siku na saa zinazojulikana, bila kulipa. Mlango wa pili si huruma. Ni njia ya kuhakikisha kwamba familia haikosi msaada kwa sababu ya herufi tatu nyuma ya nukta.

Wakati mambo hayo yakingojewa, familia na makatibu wa komite wanaweza kujisaidia kwa kiasi. Faili ikikataliwa, wasiandike yote upya. Wajaribu kwanza kivinjari kingine kwenye kompyuta ile ile, na ikishindikana, wajaribu kompyuta nyingine. Wasibadilishe mkia wa jina kwa mkono wakidhani wamebadilisha faili. Kuandika jpg nyuma ya picha ya aina nyingine ni kubadilisha maandishi ya gunia. Fomu inaweza kuipokea, lakini mtu wa ofisi akifungua asione kitu, na dosie ikabaki bila picha bila mwenyewe kujua.

Jambo hilo linawahusu hasa wenye iPhone. Tangu 2017 simu hizo zinaweza kuhifadhi picha katika aina inayoitwa HEIC, ambayo kompyuta nyingi haziitambui. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kamera, kuna mahali pa miundo ambapo mtu anaweza kuchagua ile inayopatana na vifaa vingi zaidi, na kuanzia hapo picha mpya zitakuwa JPEG. Kwa picha iliyokwisha pigwa, kuituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida kunaigeuza kuwa JPEG, ila inapunguza ubora. Kwa hiyo mtu aangalie kwanza kama namba za kadi bado zinasomeka, na aitume kwa ndugu anayemwamini tu, isiwe kwenye kikundi.

Ujumbe mwekundu ukitokea, apige picha ya skrini nzima na kuandika siku na saa kwenye daftari. Ushahidi huo una nguvu kuliko maneno "sisteme ilikataa" pale atakapoenda kuuliza ofisini. Na mbele ya kutoka dukani, katibu asimamie hadi orodha ifutwe kwenye kompyuta, pamoja na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Kijana wa duka asichukie. Ni majina ya watu. Tena wote wajihadhari na wale wanaosimama karibu na maduka wakisema wana mtu wa ndani anayeweza "kuingiza" faili iliyokataliwa kwa pesa kidogo. Fomu iliyokosewa ndiyo inayowapa watu hao kazi.

Mashauri hayo yanapunguza maumivu tu. Hayaondoi chanzo. Mkimbizi asigeuzwe fundi wa vivinjari kwa sababu mwenye fomu hakutaka kufungua gunia. Amekwisha tembea kilometa nyingi na watoto mgongoni, ameacha shamba, mbuzi na nyumba, ameokoa karatasi chache ndani ya mfuko wa plastiki. Akizileta zikiwa nzima, kazi ya anayepokea ni kuziangalia.

Katibu amerudi kambini jioni. Watu wamemzunguka wakiuliza kama majina yamefika. Amejibu ndiyo, yamefika. Hakuwaeleza habari ya duka la kwanza, kwa sababu hata yeye hajui kwa nini lilikataliwa. Wanaojua ni wale walioiweka fomu, na ni wao wanaopaswa kuitengeneza mbele ya orodha ya mwezi ujao.